Bunduki Marekani: je, serikali igharamie utafiti?

Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliingiza sharti fupi katika sheria ya bajeti: fedha za CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, zisitumike kupigia debe udhibiti wa bunduki. Aliyebeba hoja hiyo ni mbunge Jay Dickey wa Arkansas, akiungwa mkono na NRA, chama cha watetezi wa haki ya kumiliki bunduki. Sharti halikupiga marufuku utafiti. Lakini CDC ilipokonywa dola milioni 2.6, kiasi kilekile ilichokuwa imetumia kuchunguza majeraha ya risasi mwaka uliotangulia. Wakuu wake wakaelewa, na kwa takriban miaka 20 mada hiyo ikakwepwa.

Wapinzani wa fedha hizo wana hoja. Haki ya kumiliki silaha imo kwenye Katiba ya Marekani, na mlipakodi ana haki ya kuhofia kwamba utafiti unaanza na jibu mkononi. Tuangalie utafiti uliowasha mzozo, wa daktari Arthur Kellermann na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993. Walichunguza mauaji ya majumbani katika kaunti za Memphis, Seattle na Cleveland, wakalinganisha nyumba zilizofiwa na nyumba nyingine za mitaa hiyohiyo. Wakaona kuwa penye bunduki, hatari ya mtu kuuawa nyumbani ilikuwa takriban mara 2.7. Wakosoaji wakauliza: bunduki ndiyo iliyoleta hatari, au aliyekwisha kutishiwa ndiye aliyekimbilia kuinunua?

Ni swali zito. Watafiti walizingatia ulevi, dawa za kulevya na vipigo vya nyumbani, lakini ulinganisho wa aina hiyo pekee hauwezi kulimaliza. Linahitaji tafiti kubwa zaidi, zinazofuatilia watu kwa miaka mingi tangu kabla hawajanunua silaha. Hapa ndipo wapinzani wanaponipoteza: kasoro waliyoionyesha inadai utafiti zaidi, wao wakaitumia kuusimamisha.

Na mjadala huu hutawaliwa mno na mauaji. Mwaka 2021 risasi ziliua watu zaidi ya 48,000 nchini humo, na zaidi ya nusu walijiua. Je, kufungia bunduki kabatini kunaokoa kijana aliyekata tamaa? Familia ikiikabidhi silaha kwa jamaa wakati wa msukosuko, inasaidia? Anayeipenda bunduki yake na asiyetaka kuiona wote wana watoto, na majibu ya maswali haya hayamnyang'anyi yeyote haki yake.

Dickey mwenyewe alibadilika. Mwaka 2012, pamoja na Mark Rosenberg aliyekuwa akiongoza kituo cha CDC cha kuzuia majeraha, alitetea hadharani utafiti huo. Mwaka 2018 Bunge lilifafanua kuwa CDC inaruhusiwa kuchunguza vyanzo vya ukatili wa bunduki, na katika bajeti ya 2020 zikatengwa dola milioni 25, zikagawanywa sawa kati ya CDC na taasisi za taifa za afya, NIH.

Kwangu, fedha hizo ni halali, ila ziambatane na masharti: takwimu ziwe wazi kwa wakosoaji, na mpango wa utafiti utangazwe kabla ya matokeo. Tena zisitegemee kura ya kila mwaka, maana mtafiti anayefuatilia kaya kwa miaka 10 hawezi kuajiri watu kwa ahadi ya miezi 12.