Anayechafua alipe? Kwanza azuiwe

Mjadala wa sheria ya kimataifa ya mazingira ukianza tu, kanuni inayowahi midomoni mwa watu ni ile isemayo kwamba anayechafua ndiye alipe. Inapendwa kwa sababu ina ladha ya haki. Mimi naona tumeipa heshima kuliko uwezo wake, na ushahidi wangu uko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru.

Kuanzia 2007 kiwanda kimoja hapo kiliyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi, kikiwa kimepakana na makazi ya watu wapatao 3,000. Moshi uliingia majumbani, maji yenye sumu yakatiririka wanakochezea watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimwona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Yeye na majirani walipambana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Nani basi alitwikwa mzigo? Kampuni ilipewa sehemu yake, lakini fungu kubwa liliziangukia taasisi za serikali, NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ikiwa mbele, kwa kushindwa kusimamia sheria. Mahakama ilikuwa sahihi kabisa kuziwajibisha. Ila fedha za taasisi hizo ni kodi, na mama wa Owino Uhuru anayenunua sabuni dukani hulipa kodi. Anachangia fidia ya sumu aliyolishwa mwanawe.

Hata kampuni ingelipa yote, risasi haisikii hukumu. Hukaa mifupani kwa miaka mingi, hupita kutoka kwa mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni, hudumaza ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Fidia inaweza kulipia dawa na karo. Akili iliyoharibiwa utotoni hairudi.

Ndiyo maana kanuni ninayoiweka juu ni ya kuzuia madhara. Ilipata nguvu katika kesi ya Trail, na inashangaza kwamba hiyo nayo ilihusu kiwanda cha kuyeyusha risasi na zinki. Kiwanda kilikuwa katika mji wa Trail, Kanada, moshi wake ukaharibu mazao ya wakulima wa jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1941 baraza la usuluhishi lilisema hakuna nchi yenye haki ya kuiachia ardhi yake itumike kuidhuru nchi nyingine kwa moshi. Likaagiza pia kiwanda kiendeshwe chini ya udhibiti ili madhara yasijirudie. Moshi wa Owino Uhuru haukuvuka mpaka wa nchi yoyote, ulivuka ukuta tu. Sioni kwa nini mtoto wa jirani apate ulinzi mdogo kuliko shamba la nchi ya pili.

Wengine huitaja hapa kanuni ya tahadhari, ile ya 15 katika Azimio la Rio la 1992, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo. Hiyo hutaka hatua zichukuliwe hata pale sayansi inapokuwa bado na shaka. Kuhusu risasi hapakuwa na shaka yoyote. Ubaya wake ulijulikana zamani. Kilichohitajika ni kanuni ya 17, tathmini ya athari kwa mazingira, ifanywe kabla tanuri halijawashwa, na wakazi wasikilizwe kama kanuni ya 10 inavyotaka.

Kanuni ya 16, ya mchafuzi kulipa, yenyewe imeandikwa kwa ulegevu: mamlaka zijitahidi, bila kuvuruga biashara ya kimataifa. Ibaki, lakini ipewe meno mapema. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 tayari inaruhusu dhamana ya fedha kudaiwa kwa shughuli za hatari. Nataka kila kiwanda cha betri chakavu kiweke dhamana hiyo kabla ya kupewa leseni, kiasi cha kutosha kusafisha udongo na kutibu watu hata wenye kampuni wakitoweka. Na ripoti ya tathmini isomwe barazani kwa Kiswahili, wakazi wakiwa na haki ya kukataa.