"Nionyeshe hiyo jeni"

Juzi barazani kwetu Ngamiani, bao limekwisha na kashata zimebaki vipande viwili, mazungumzo yakaangukia kwa mashoga. (Dada zetu wa Tanga huitana hivyo kutwa nzima, kwa mapenzi, wala hakuna anayeshtuka.) Kijana mmoja wa chuo akasema, "Wazee wangu, wale wamezaliwa hivyo, sheria iwaache." Mzee akadakia: "Nionyeshe hiyo jeni." Kijana kimya.

Nilikuwa upande wa kijana, ila hoja yake inanitisha. Mwaka 2014 Rais Museveni wa Uganda aliwauliza wanasayansi swali hilohilo. Wakamjibu kwamba haijaonekana jeni moja inayoleta hali hiyo, naye akatia saini sheria ya kuwaadhibu. Mahakama ikaifuta mwaka uleule kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia. Mwaka 2023 ikaja nyingine, kali zaidi. Ukitundika haki ya mtu kwenye maabara, maabara ikijibu vingine utaishika wapi?

Na maabara yenyewe haina jibu jepesi. Utafiti mkubwa wa 2019, wa watu karibu nusu milioni, ulikuta urithi una mchango, lakini umetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja na chembe yake, wala huwezi kupima damu ukamtabiri mtu.

Tuseme jeni ingepatikana. Ualbino ni wa kurithi, jeni zake zinajulikana, hakuna anayebisha kwamba mtu huzaliwa nao. Ulimkinga nani na panga?

Sasa tazama dini. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inamlinda mtu katika imani yake, pamoja na uhuru wa kuibadili. Hakuna aliyepimwa damu kwanza. (Mtanikumbusha fitra, kwamba kila mtu huzaliwa na dini ndani yake; najua, ila hakimu haulizi fitra.) Lakini kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye maneno ya "kinyume cha maumbile" tuliyorithi kwa Mwingereza, kinawapa watu wazima wawili walioridhiana kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Mimi ningeuliza jambo moja tu: wamemdhuru nani?

Nikamuuliza mzee hivyo. Akanitazama, akaweka kikombe chini. "Kwani na wewe ni mmoja wao?"

Baraza zima likacheka. Nikasema la, upesi, nikalipia kahawa ya wote. Njia nzima hadi nyumbani ile "la" yangu ilinikera.