Talk Talk hawakumtapeli mtu

Kila nikiitaja Spirit of Eden, albamu ya bendi ya Uingereza Talk Talk, lazima atokee mtu aniambie hao jamaa walikula hela ya EMI, kampuni yao ya rekodi, wakaleta kimya. Na kusema ukweli kampuni ina hoja, maana bendi ilishawapa It's My Life mwaka 1984, popu ya vinanda vya umeme inayochezeka kabisa, halafu 1986 The Colour of Spring ikafika namba 8 kwenye chati ya albamu Uingereza, sasa unawaachia studio London miezi kibao wanarudi 1988 na nyimbo sita tu, na mwimbaji wao Mark Hollis ziara hataki. Utauza nini hapo?

Ila mi naona watu wanalaumu bila kusikiliza. Studio walizima taa, wapigaji waalikwa wakawa wanapiga gizani chochote kinachowajia, masaa na masaa, halafu Hollis na prodyuza Tim Friese-Greene wakakaa kuchambua, mzigo mkubwa ukatupwa, vikabaki vipande vidogo vidogo ndo vikaungwa. Hebu weka The Rainbow, wimbo wa kwanza wa albamu, na spika za masikioni, tarumbeta inalia kwa mbali, violini, kimya, kimya tena mpaka unacheki simu kama imezima, ndo gitaa linaingia linakwaruza. Mtu mvivu hawezi kukupangia kimya namna hiyo.

Na tena hawakubadilika ghafla kama watu wanavyodai. Kwenye ile ile albamu ya namba 8 kuna Chameleon Day, wimbo umekonda hadi unasikia nafasi kati ya noti na noti, sasa aliyeshtuka 1988 alikuwa anauruka au vipi?

Haya, Spirit of Eden iliishia namba 19. Namba 19! Albamu haina hata kiitikio cha kuimbia bafuni, imefikaje huko? Lakini EMI wakaenda mahakamani kwamba kazi hairidhishi kibiashara, kesi ikatupwa, na mi bado najiuliza hakimu angepima na nini, rula? Halafu 1990 hao hao EMI wakakusanya nyimbo za zamani wakatoa Natural History, ikapanda hadi namba 3. Kwa hiyo hela ilirudi jamani.

Aliyenunua akitegemea It's My Life nyingine simcheki, mi mwenyewe mara ya kwanza nilidhani faili limeharibika nikalidauniloudi upya. 1991 Talk Talk wakatoa albamu ya Laughing Stock kwa kampuni nyingine, na vile vinanda havikurudi.