Kompyuta Yetu Bado Iko Mwaka 2009

Leo asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya meza yangu, imegongwa muhuri kabisa, muhuri ule ule tunaogongea hati za mizigo. "Kuanzia sasa kila mfanyakazi atatunza na kutengeneza kompyuta yake mwenyewe kabla ya kumsumbua fundi." Chini yake masharti. Nimeyasoma nikiwa nimesimama, maana kiti changu kilikuwa kimekaliwa na dereva wa lori.

Usinywe chai karibu na kibodi. Sawa. Ofisi ina meza moja, hiyo chai nikainywee wapi, kwenye foleni ya malori? Kompyuta isipate vumbi. Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya! Vumbi la hapa linaingia hata kwenye mayai ya rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, yangali kwenye kikaango. Nilipofungua kifuniko cha sipiyu nipulize, alitoka mjusi, akanitazama, akarudi ndani. Hakuonyesha dalili yoyote ya kuhama. Zima kompyuta kwa utaratibu, usiizime ghafla. Hilo wangeuambia umeme wenyewe, ambao haujawahi kumuuliza mtu kama ameshahifadhi kazi yake.

Yupiesi, kile chombo cha kushikilia umeme ukikatika, tunayo, tusidanganyane. Kazi yake ni kulia. Umeme ukienda inapiga mlio mmoja wa kutoa taarifa, kisha inazimika pamoja na kompyuta. Betri yake ilishakufa, na soketi zake zina birika la chai na simu ya askari wa getini.

Sasa mimi, kwa taarifa yenu, ni Afisa Hati. Cheo hicho kiko kwenye kitambulisho, pamoja na picha niliyopigwa nikiwa bado na nywele. Navaa shati la mikono mirefu katika joto hili. Madereva kutoka Mombasa hadi Juba wananiita mkubwa. Nikaambiwa nishike bisibisi.

Na yote haya yametokana na ile saa ya kompyuta.

Usiku mmoja, kabla ya karatasi hiyo, umeme ulikatika, asubuhi nikawasha mashine. Skrini nyeusi, maandishi meupe: saa haikuwekwa, bonyeza F1 uendelee. Kitufe cha F1 kwenye kibodi yetu kiling'oka zamani, pamebaki kishimo na kichuchu cha mpira. Huwa nakibonyeza kwa kifuniko cha kalamu ya biki, kwa pembeni, pumzi nimezibana, maana ukiteleza ukagusa F2 unatupwa kwenye zile kurasa za bluu za mipangilio ya ndani ambazo hata fundi hazitaki. Ikafunguka. Kona ya chini ya skrini: saa sita usiku, tarehe 1 Januari 2009.

Nikasema haidhuru, saa ninayo ya mkononi. Kumbe haidhuru yangu haitoshi. Kila tovuti ninayofungua, brauza inaweka ukurasa wa onyo la hatari. Tovuti za siku hizi zina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyoko 2009 ikikiona inakataa, kama karani wa kijiji aliyeletewa mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa cha mwaka ambao haujafika. Barua pepe imekataa. Mtandao wa forodha umekataa. Na nje kuna lori lenye mzigo wa Juba. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Kwa kompyuta yangu nchi hiyo haijazaliwa, na mimi nimekaa pale nataka kuiandikia hati.

Halafu kuna hizo VPN, programu za kupenya tovuti zilizofungwa kwa kujifanya uko nchi nyingine. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021 kila aliyepita kwenye ile kompyuta ameweka ya kwake, na hakuna aliyewahi kuondoa. Moja huwa inajiwasha yenyewe na kutangaza kwamba tuko Uholanzi. Kwa hiyo dereva yuko Malaba na haraka zake, na kompyuta iko Uholanzi, mwaka 2009, baridi ya Januari.

Nikajaribu kurekebisha saa. Ikadai paswadi ya msimamizi. Paswadi anayo Injinia peke yake. Injinia ni shemeji yake bosi, anakaa Tororo, na ndiye fundi wetu tunayekatazwa kumsumbua. Nikamsumbua.

"Injinia, kompyuta inasema ni 2009."

"Umeizima ukaiwasha?"

"Umeme ndio uliizima, ndiyo maana iko 2009."

"Basi izime tena."

Nikaizima. Nikaiwasha. Kifuniko cha biki, kishimo, pumzi.

"Sasa?"

"Bado 2009."

"Mwezi gani?"

Ndugu zangu, mwezi gani! Yaani ingekuwa Desemba tungevumilia kidogo?

"Januari."

Akanyamaza kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu. "Hiyo ni virusi," akasema.

Kwa Injinia kila kitu ni virusi. Printa ikitafuna karatasi, virusi. Skrini ikigeuka kijani, virusi, kumbe ni ule waya wa bluu umelegea nyuma na ukikaza skrubu zake mbili rangi zinarudi. Flashi ya Madamu wa akaunti ilipogeuza mafaili yote kuwa vijialama vya njia ya mkato, hivyo vilikuwa virusi kweli, na siku hiyo akasema ni vumbi.

Akaja kwa boda, nauli juu ya ofisi. Akaomba soda. Akachomoa ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, akasugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha mtoto wa shule, taratibu, ulimi nje. Dawa hiyo naiheshimu, imefufua mashine nyingi zilizokataa kuwaka. Lakini yetu inawaka! Inachoumwa ni kalenda!

"Hapa lazima tufomati, tufute kila kitu tuanze upya," akasema.

"Na mafaili yangu?"

"Yatapona."

"Yote?"

"Mengine."

Nikakataa kwa heshima zote. Basi akaingiza paswadi, huku ameifunika kibodi kwa kofia nisione, akaweka tarehe ya leo, tovuti zikafunguka, akapokea shilingi 50,000 kwa kile alichokiita kusafisha mfumo. Boda yake haijafika Tororo, umeme ukakatika. Uliporudi: Januari 2009. Heri ya mwaka mpya.

Muda huo wote kwenye benchi la wageni alikuwa amekaa taniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lile lori la Juba, kijana mwembamba, anakula muhogo wa kukaanga. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, hiyo ni betri ya saa."

Nikamwambia hii ni kompyuta ya mezani, kijana, haina betri. Bosi naye, aliyekuwa mlangoni akizungusha ufunguo wa gari kwenye kidole, akacheka. Yule kijana hakujali. Akachomoa waya ukutani, akafungua kifuniko, akamsogeza mjusi kwa ncha ya kidole, akatuonyesha kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kibetri cha duara kimelala ndani ya kikombe chake, kimeandikwa CR2032, volti 3. "Hiki ndicho kinaikumbusha saa umeme ukiwa haupo. Kimekufa. Kwenye duka la spea za simu hapo nje utapata kwa elfu tano."

Elfu tano. Nikaandika ombi la peti keshi, zile pesa ndogo ndogo za matumizi ya ofisi. Bosi akalisoma kwa miwani, akalisoma bila miwani.

"Kompyuta inatumia umeme wa ukutani, betri ni ya nini? Hivi ndivyo mnavyokula pesa za kampuni. Niletee bei za maduka matatu."

Maduka matatu! Kwa kitu kinachotosha kwenye ukucha wa dole gumba! Injinia amelipwa 50,000 kwa kusugua ramu, hakuna aliyemdai bei za Injinia watatu.

Taniboi akautazama ule ufunguo unaozunguka kidoleni. "Mkubwa, rimoti nyingi za magari zinatumia hiyo hiyo."

Bosi, kwa nia ya kutuumbua sote wawili, akampa. Kijana akaipasua rimoti kwa ukucha. Ndani: CR2032. Akaihamisha, akarudisha waya, akawasha, na badala ya kuhangaika na kishimo cha F1 akabonyeza F2. Nikafumba macho. Akaingia kwenye zile kurasa za bluu na mikono yake ya muhogo, akaweka saa na tarehe, hakuna paswadi iliyoulizwa, akatoka salama. Tukachomoa waya, tukahesabu hadi kumi, tukawasha. Tarehe ya leo! Hati ya Juba ikapita. Dereva akanikumbatia, mimi, Afisa Hati, shati likapata grisi.

Mngedhani mambo yameisha. Jioni bosi akataka betri yake.

Nikamwambia gari linafunguka hata kwa kutia ufunguo mlangoni. Akasema hayo ni mambo ya pikapu za mizigo, yeye anataka lile gari limjibu mlio. Kwa hiyo ndivyo tunavyoishi sasa. Asubuhi rimoti inapasuliwa, betri inaingia kwenye kompyuta, naweka saa kwa F2, maana kurasa za bluu sasa ni shamba langu. Mchana bosi akienda kula, betri inaenda naye. Dereva anauliza, "Hati yangu vipi?" Namwambia subiri, imeenda kula matoke.

Mtasema si ununue mwenyewe. Wino wa printa niliununua mwenyewe! Risiti iko peti keshi hadi leo, inachunguzwa, eti maandishi yake yamefifia. Yamefifia kwa sababu ni karatasi ya joto na mmeikalia! Karatasi ile ukiiweka juani inafutika, ukiisahau kwenye droo inafutika, na hiyo ndiyo mnataka niilete ikiwa mpya kila mwezi? Mtu anafanya kazi na kitufe kilichong'oka, kipanya kinachosogea upande wa kushoto tu, kiti kilichokaliwa na dereva, halafu anabandikiwa karatasi ukutani aambiwe asisumbue!

Microsoft walipotangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 wanaacha kuihudumia Windows 10, niliandika barua rasmi, nikaeleza kwamba hatutapata tena viraka vya usalama. Bosi akauliza tangu lini hao watu walikuja Malaba kutuhudumia.

Na habari hizi zimevuja. Nyumbani ninakopanga wamesikia kwamba nafungua kompyuta, sasa mimi ndiye fundi wa mtaa. Mmoja kaleta pasi. Nimemwambia pasi si kompyuta, akasema zote zina waya. Mwingine redio ya marehemu baba yake. Jana usiku mama mwenye nyumba amegonga mlango, na mama mwenye nyumba humkatai wakati kodi ya mwezi bado iko njiani. Simu yake haipigi picha tena, inasema nafasi imejaa. Nimeifungua: video. Nimemwambia, mama, hizi lazima zifutwe. Akasema hapana, hizo ni za kuhingira, sherehe ya kumkabidhi bibi harusi, ya binti wa dada yake, zilitumwa kwenye kundi, na yeye mwenyewe ameonekana mara mbili. Nikamwambia basi tubakize hizo mbili. Akavuta stuli, akaketi, akasema tuzitazame kwanza zote ili tuhakikishe. Hadi saa tano za usiku nimeshika simu ya mama mwenye nyumba, video baada ya video, naye ananieleza ni nani aliyeazima gomesi, lile gauni la sherehe, na kwa nani, na kwamba yule wa njano hajairudisha mpaka leo.