Italiki Hakuzichonga Aldus

Wiki hii nimesoma muhtasari wa somo la usanifu, umeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi, unasema Aldus Manutius ndiye aliyevumbua herufi za italiki, zile za kuinama, mwaka 1501. Nimekasirika, na bado sijatulia. Aldus alikuwa mwenye kiwanda cha uchapaji pale Venice. Aliyezichonga herufi hizo alikuwa Francesco Griffo wa Bologna, na muhtasari mzima haumtaji hata mara moja.

Hivi wanaijua kazi yenyewe? Mchongaji alichukua kipande cha chuma cha pua, akachonga herufi kwenye ncha yake, imegeuzwa kinyume, akiipunguza kidogo kidogo kwa tupa. Kuikagua, aliishika juu ya mwali wa mshumaa hadi ishike masizi, akaigandamiza kwenye karatasi, akaitazama, akarudi kwenye tupa. Ikimridhisha, chuma kilitiwa moto kikazimwa ili kiwe kigumu, kisha kikagongwa kwenye kipande cha shaba. Shaba hiyo ikaingia kwenye kalibu na kumiminiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Hapo umepata herufi moja tu! Na italiki za Griffo zilikuwa ndogo, za kitabu cha kushika mkononi.

Haya, Aldus alimshukuru. Katika kitabu cha Virgil, mshairi wa Roma ya kale, cha 1501, cha kwanza kuchapwa chote kwa italiki, aliweka mistari michache ya Kilatini kuisifu mikono ya Francesco wa Bologna. Hilo nampa. Lakini mwaka uliofuata Seneti ya Venice ilimpa Aldus haki ya kuzitumia italiki hizo peke yake, na Griffo akaenda zake mji wa Fano, Italia, kwa mchapaji Gershom Soncino. Mwaka 1503 Soncino alichapa waziwazi kwamba mvumbuzi ni Francesco, si Aldus wala wengine waliojipamba kwa manyoya yasiyo yao. Maneno hayo yapo kwa zaidi ya miaka 500!

Na si italiki tu. Griffo ndiye aliyechonga herufi za wima za De Aetna, kitabu kidogo cha Pietro Bembo cha 1496. Monotype, kampuni ya kutengeneza herufi za uchapaji, walipozifufua mwaka 1929 waliziita Bembo. Mwandishi kapewa jina, mchongaji kaachwa. Karne ya 19 mkutubi Antonio Panizzi akashikilia kwamba huyo Francesco wa Bologna ni mchoraji Francia, yaani hata lile jina dogo alilobakiwa nalo akavishwa mtu mwingine. Aina ya herufi ya Times New Roman nayo kila mtu anamtaja Stanley Morison, mshauri wa Monotype. Aliyeichora ni Victor Lardent.

Mwaka 1516 Griffo alikuwa amerudi Bologna, anachapa vitabu vyake mwenyewe, vidogo vidogo. Muda si mrefu akatuhumiwa kumuua mume wa binti yake kwa kipande cha chuma, na baada ya hapo kumbukumbu zake zinakatika. Damu ile siitetei hata kidogo, lakini haigusi kabisa swali la nani alichonga italiki.