Kikapu cha mdomo kwa farasi wa Lubumbashi msimu wa mvua

"Mama, ule farasi iko na njala. Juu ya nini unamufunga kinywa?"

Kijana anayetutunzia mazizi aliniuliza hivyo asubuhi ya kwanza jike wangu alipokwenda malishoni amevaa kikapu cha mdomo. Ni chombo chepesi cha mikanda iliyosukwa, chenye kitako cha mpira na tundu la sentimita kama 3. Ncha za majani hupenya kwenye tundu hilo, naye huzing'ata kidogo kidogo badala ya kujaza mdomo. Kwa mbali anaonekana kama mfungwa, na nakiri kwamba siku ile hata mimi moyo ulinisuta.

Wanaomuunga mkono yule kijana si wachache. Mzee mmoja tunayepanda naye farasi alinikumbusha amri ya Torati inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Nimeitafakari sana. Ng'ombe yule yuko kazini, na anachokula ni sehemu ya jasho lake. Farasi wetu, kuanzia Desemba hadi Machi, karibu hana kazi: uwanja wa kupandia ni tope tupu, anazungushwa nusu saa mara mbili kwa wiki, na huko nje nyasi zinarefuka usiku na mchana. Kinachomwumiza ni shibe.

Na shibe hiyo ina mwisho mbaya. Shingo ikiota nundu ya mafuta upande wa juu, ngumu kiasi kwamba ukiisukuma kwa kiganja haiyumbi, huenda mwili tayari umeshindwa kuidhibiti insulini, homoni inayopanda mnyama anapokula sukari ya majani. Insulini ikizidi kwenye damu, nyama laini zinazoushika mfupa wa mguu ndani ya kwato hudhoofika, na mfupa unaweza kugeuka au kuzama. Ndiyo laminitisi. Aliyewahi kumwona farasi amejiegemeza nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha ili asikanyagie ncha ya kwato, jasho likimtiririka akiwa amesimama tu, hawezi tena kukiita kikapu ukatili kabla ya kufikiri mara mbili.

"Basi mpunguzie saa za malishoni," huniambia wengi. Hapo ndipo penye hesabu isiyonitoka kichwani. Huko Uingereza walipima poni, yaani farasi wadogo, waliowekwa malishoni kwa saa 3. Wasio na kikapu walikula majani ambayo, yakikaushwa, yalifikia takriban asilimia 0.8 ya uzito wa miili yao. Waliovaa kikapu walikula asilimia 0.14. Kwa jike wangu wa kilo 400, hiyo ni kilo 3.2 dhidi ya nusu kilo na kidogo. Farasi anayepunguzwa uzito hupewa chakula kikavu cha asilimia 1.5 hivi ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 kwa huyu wangu. Kwa hiyo angekula zaidi ya nusu ya posho yake kwa saa 3! Tena poni waliozoeshwa kutolewa nje kwa saa 3 tu kila siku walionekana kuongeza kasi ya kula wiki baada ya wiki. Mnyama hujifunza kwamba muda ni mfupi, anafakamia. Nasi tunamrudisha zizini tukidhani tumemfunga mkanda.

Akirudi huko anakaa tumbo tupu. Tumbo la farasi hutoa asidi bila kupumzika, awe anakula au hali, na saa nyingi bila majani humletea vidonda. Anakaa peke yake pia, akiwasikia wenzake nje. Mwenye kikapu anatembea, ananusa, anang'ata, yuko na kundi.

Takwimu hizo ni za nyasi za Ulaya, hilo nalikubali. Za kwetu, kama Rhodes na Cynodon, huweka wanga badala ya fruktani, ile sukari ya nyasi za Ulaya, na kwa kawaida sukari yake ni kidogo zaidi. Vipimo vya Marekani vilionyesha kikapu kikipunguza ulaji kwa theluthi moja hivi tu. Majani yakiwa marefu na yenye mashina, hulala chini ya kitako bila kupenya, kwa hiyo bila kufyeka kwanza utamtesa bure. Na kuna poni waliovaa saa 10 wakaachwa huru saa 14 zilizobaki: baadhi yao walinenepa vilevile.

Lakini hilo la mwisho halituhusu sana hapa, kwa sababu ya tauni ya farasi. Visubi wanaoieneza hutoka jioni na kuuma usiku kucha, ndiyo maana farasi wetu hulala ndani. Hatuna saa 14 za uhuru. Hatuwezi pia kufuata ushauri wa kumlisha usiku, wakati sukari ya majani imepungua. Sisi tumebaki na mchana, na sukari hupanda kuelekea alasiri. Kikapu mchana, nyasi kavu zilizopimwa kwa mizani usiku: mji huu unakifaa kifaa hiki kuliko kule kilikobuniwa.

Malalamiko mengi ya haki, naona, yanatokana na kipimo kibaya. Watu humfunga farasi akiwa ameinua kichwa. Mpime ameinama, kama anavyokula, maana hapo ndipo kikapu huteleza. Kati ya midomo na kitako ibaki sentimita 2.5 hivi, chini ya mikanda vidole viwili vipite, pua zisiguswe. Kikapu changu kilikuja na mkanda wa kisogoni wa nailoni usiokatika, na farasi akinasa kwenye tawi anaweza kuvunjika shingo. Fundi viatu wa Kamalondo aliutoa, akashona kipande chembamba cha ngozi kitakachokatika chenyewe, na sehemu ya juu ya pua akaitandika sufi. Kazi ya dakika 20.

Siku ya kwanza alivaa saa moja, nami nikasimama hadi nilipomwona akinywa maji kwenye beseni. Jioni hukivua na kupitisha kidole mashavuni kutafuta michubuko. Kondeni mwenzake akimwonea hatavaa, maana hawezi kujitetea kwa meno. Na ifikapo Mei, majani yakianza kukauka, kikapu kinaning'inizwa ukutani.

Jana yule kijana aliniita toka uani kabla sijashuka garini. "Mama, tundu imeziba." Lilikuwa tope lililogandamana na majani. Alikuwa ameshalitoa kwa kijiti.