Anayelipa Nauli ya Mjumbe

Ukitaka kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa taifa wa chama chako, weka kando kwanza habari za Dodoma na za ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam. Tafuta tawi lako. Kila msimu wa mikutano hii ukifika, hapa Kigoma utawasikia vijana wa Mwanga, Gungu na Ujiji wakilalamika kwamba wajumbe ni walewale, na kwamba "wajumbe si watu wazuri", msemo ulioenea nchi nzima tangu kura za maoni za 2020, zile za kuchuja wagombea ndani ya chama. Sawa. Lakini hebu muulize huyo mlalamikaji mwenyekiti wa tawi lake anaitwa nani. Wengi watakutajia jina la mbunge.

Njia yenyewe haina siri. Unaanza na kadi, na kadi iwe hai, maana ada ndiyo inayowaangusha wengi: siku ya kuchukua fomu, katibu anafungua daftari na kutazama mara ya mwisho ulilipa lini. Katika CCM safari inaanzia kwenye shina, kwa balozi, inapanda tawi, kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. CHADEMA chini kabisa wana msingi, na juu ya mkoa wana kanda. Sisi tumo Kanda ya Magharibi pamoja na Tabora na Katavi. ACT-Wazalendo nao wana matawi, kata, majimbo na mikoa. Majina yanatofautiana, utaratibu unafanana: ngazi ya chini inachagua watakaoketi kwenye kikao cha ngazi ya juu yake. Kwa CCM, mkutano mkuu wa wilaya ndio unaochagua wajumbe wa kuiwakilisha wilaya taifani. Na hao wanaopiga kura wilayani wametoka wapi? Kwenye kata na matawi. Kwa hiyo mtu anayeibuka Kasulu mwezi wa uchaguzi wa wilaya, na fomu yake safi na suti mpya, ameshachelewa. Kura anazozitafuta ziligawanywa zamani, kwenye mikutano ya tawi iliyokuwa na watu wachache na ajenda ndefu, siku ambayo yeye alikuwa na shughuli nyingine.

Ipo pia milango ya pembeni. CCM wana jumuiya zao: UVCCM ya vijana, UWT ya wanawake na ile ya Wazazi. CHADEMA wana mabaraza: BAVICHA la vijana, BAWACHA la wanawake na BAZECHA la wazee. ACT wana ngome za vijana, wanawake na wazee. Kijana au mwanamke anayeona foleni ya wilayani imejaa wazee waliokalia viti tangu enzi zile, mara nyingi hupenya haraka zaidi huko. Wengine huingia ukumbini kwa vyeo vyao tu, kama wabunge na viongozi wa wilaya na mikoa. Hao siwazungumzii leo, kwani nauli yao haina shida.

Kabla sijaifikia hiyo nauli, mtu anaweza kuuliza kwa nini nahangaika na mikutano ya vyama wakati mimi si kiongozi wa chama chochote, na chama nilicho na kadi yake sitaki kukitaja hapa. Jibu ni kwamba kwa Tanzania, mlango wa kugombea uko ndani ya vyama. Katiba inamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani ikamgomea 2010, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki 2013, na bado hadi leo hujaona karatasi ya kura ya rais au mbunge yenye mgombea asiye na chama. Maana yake, mamilioni wanakwenda kituoni kuchagua miongoni mwa majina yaliyokwisha kuchaguliwa na watu wasiojaza hata uwanja wa Lake Tanganyika.

Na wakati mwingine hao wachache wanapishana kwa kura za kuhesabu kwa vidole vya watu wanne. Januari 2025, pale Mlimani City, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe uenyekiti wa CHADEMA kwa kura 513 dhidi ya 482. Tofauti ni kura 31. Wajumbe kumi na sita tu wangebadili mawazo usiku ule, historia ya chama kile ingekwenda kwingine. Ukipenda matokeo yale au usipoyapenda, huwezi tena kusema mjumbe mmoja kutoka Kibondo au Urambo hana uzito.

Nisimpambe mjumbe kupita kiasi, hata hivyo. Kuna mengi yanayokatwa kabla hayajamfikia. Mwaka 2015 wana-CCM 42 walichukua fomu za urais, 38 wakazirudisha. Vikao vya juu vikabakisha watano, kisha watatu: John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Wajumbe waliosafiri hadi Dodoma wakiwa na mtu wao moyoni walikuta jina lake limeshakatwa. Magufuli akapata kura 2,104. Mambo pia hugeuka ukumbini. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu wa CCM uliitishwa Dodoma ukiwa na kazi ya kumpata Makamu Mwenyekiti wa Bara, akapatikana Stephen Wasira. Wajumbe wakarudi nyumbani wakiwa wamempitisha pia mgombea urais. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wasimchague mjumbe kwa ahadi ya kumpigia fulani. Hamjui atakutana na nini kule. Mchagueni kwa akili yake na kwa shingo yake kuwa ngumu.

Sasa nauli.

Kigoma iko mbali. Reli ya kati ilifika hapa 1914, na kutoka kituo chetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Dodoma ni karibu zaidi, lakini bado ni safari ya kulala njiani au kukesha kwenye basi, ukifika unatafuta chumba katika mji ambao wiki hiyo kila gesti imejaa, unakula kwa hela yako, unakaa siku mbili au tatu, unarudi. Tena huo ni mzigo wa mwisho tu. Kabla ya hapo kuna vikao vya kata na wilaya. Mjumbe wa Kalya, kule mwambao wa kusini wa mkoa wetu katika Wilaya ya Uvinza, anapoitwa kikao cha wilaya anaanza kwa kuulizia boti na upepo. Mvuvi anayelala majini usiku, mama anayekamua mawese kijijini, mwalimu wa shule ya kujitegemea: hawa wote wanaweza kuchaguliwa kwa haki kabisa, na wote watakwama kwenye swali lilelile la nani atawafikisha.

Hapo ndipo anapojitokeza mfadhili. Huwa hana makeke. Anakuja kupitia mpambe, anasema amesikia wajumbe wa mkoa hawana usafiri, ameona aibu, ametafuta basi. Chumba kimeshalipwa. Kuna na kidogo cha chai. Hakuna anayetamka neno kura. Mtu wetu wa Kigoma, mwenye kujua heshima, hawezi kula ugali wa mtu kwa samaki wa mgebuka kisha akamnyima alichokuja kukitafuta, hata kama hakukitaja. Mnalala gesti moja, mnapanda gari moja kwenda ukumbini, na mpambe anawahesabu mlangoni kama konda.

Watu wanaiita rushwa, na kwa kiasi fulani ni rushwa. Takrima ile iliyoruhusiwa kisheria, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 nayo inagusa hadi hatua ya uteuzi wa wagombea ndani ya vyama. Lakini mimi naona tukiishia kulaani tunamwonea mjumbe. Chama kinachomwita mtu kutoka Kakonko hadi Dodoma bila kumlipia, au kinachomwahidi kurudishiwa hela baada ya mkutano, kimemtupa mikononi mwa mwenye basi. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wakija watamkuta na risiti ya gesti, na watakuwa wamemkamata aliye mdogo kuliko wote katika mnyororo ule.

Mjumbe aliyelipiwa na mgombea ana hasara kubwa zaidi ya hiyo: hashawishiki. Jirani zetu wa Tabora wanapaswa kutukumbusha jambo hili kila siku. Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikutana pale kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, huku haki ya kupiga kura ikifungwa kwa masharti ya kipato na elimu. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira na nia ya kususa, na hasira yao ilikuwa ya haki. Julius Nyerere akasimama kuwaeleza kwamba wakisusa, viti vitachukuliwa na wengine, na safari ya uhuru itarefuka. Wakajadiliana, mwisho wakakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake. TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda uchaguzi ule wa 1958 na 1959. Mkutano ule ulifaa kitu kwa sababu wajumbe walikuwa na uhuru wa kuingia na wazo moja na kutoka na jingine. Wangekuwa wamelipiwa nauli na mtu anayetaka kususa, au na mtu anayetaka kushiriki, hotuba ile ingekuwa kelele tu.

Na tukiwa kwenye nauli za enzi hizo: Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1955 kuitetea Tanganyika, nauli yake ilitokana na michango. Watu waliokuwa na kidogo walitoa kidogo. Alijua anakwenda kwa hela ya nani.

Kuna anayesema dawa ni kuwafunga wajumbe kwa kura za wanachama, kama Marekani. Kule wajumbe wengi wa mkutano mkuu wa chama wanakwenda wakiwa wameshapangiwa wa kumpigia, kulingana na kura za awali za jimbo lao. Hilo nalo lilikuja baada ya maumivu: 1968 chama cha Democratic kilimteua Hubert Humphrey mjini Chicago bila yeye kuingia kwenye kura za awali hata moja, nje vijana wakipambana na polisi, na ndipo taratibu zikabadilishwa. Mimi silipendi sana wazo hilo kwa hapa kwetu. Mjumbe aliyefungwa mikono hawezi kufanya kilichofanyika Tabora. Tena mkutano mkuu wa vyama vyetu unachagua viongozi na kubadili katiba ya chama, mambo ambayo hayana kura ya awali.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho. Vyama vinavyopata ruzuku ya serikali viweke nauli na malazi ya wajumbe kuwa matumizi ya kwanza ya fedha hiyo mwaka wa mkutano, na vilipe kwa umbali: wa Kigoma asipewe sawa na wa Morogoro. Julai 2025 CCM walifanya mkutano mkuu maalumu kwa njia ya mtandao kubadilisha katiba yao, na mtu anaweza kudhani hilo linamaliza tatizo la safari. Linapunguza gharama, ndiyo. Ila kwa kura ya siri na mabishano ya kweli bado naamini watu wakae chumba kimoja, wanong'onezane kwenye chai, waone nani anakunja uso.

Kwa vyama visivyo na ruzuku ya maana, turudi kwenye mchango. Kata ichangie mtu wake. Elfu moja, elfu mbili, dagaa wa kuuza, chochote. Mkoa huu uliwahi kuwapa NCCR-Mageuzi majimbo manne kwa mpigo 2010, chama ambacho hakikuwa na fedha za kutisha mtu. Msiniambie watu wa Kigoma hawajui kubeba wanachokitaka.

Na wewe unayetaka kugombea ujumbe, kwa CCM mzunguko wa miaka mitano unakuleta 2027, baada ya ule wa 2022. Lipa ada sasa. Hudhuria mkutano wa tawi ambao hauna mgeni rasmi. Jitolee kuandika mihtasari, kazi ambayo kila mtu anaikimbia, kwani mwandishi wa mihtasari ndiye anayejua nani alisema nini na nani hakufika. Ukifika wilayani na kuomba kura, usingoje kuulizwa: waambie wapiga kura utasafiri kwa fedha gani, na uwaahidi tarehe ya kurudi kwenye kata kueleza yaliyotokea. Sisi wengine tuliokaa chini tuna kazi ya kuuliza hilo hilo kwa kila mgombea, na kudai michango yote iliyopokelewa kwa safari isomwe kwenye mkutano wa wilaya, jina na kiasi, kabla wajumbe hawajapanda gari.